Saa ya marehemu baba inanifia mkononi

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, naishi Tanga. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti, hizi zinazofungwa nyuma. Nashinda Deep Sea, pale wanaposhusha samaki, na nusu ya siku miguu iko majini. Mikono yangu haijui kukauka. Ikitoka kwenye grisi inaingia kwenye petroli, ikitoka kwenye petroli inaingia kwenye maji ya chumvi. Nakueleza haya mapema ili ujue saa ninayotaka kukusimulia iliishi maisha gani.

Baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, kazi yake kuandika mahudhurio ya vibarua na kuhesabu mafungu. Mwaka 1983 alikwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yake, akarudi na saa ya Seiko 5, ile inayojijaza yenyewe kwa mtikiso wa mkono. Tangu nipate akili sijawahi kumwona baba bila saa ile. Mimi mwenyewe nilijifunzia humo kusoma saa. Alikuwa akiniambia, "Tazama akrabu fupi inaelekea wapi, kisha tazama upande wa pili. Huko ndiko iliko saa yetu." Akrabu ikiwa kwenye saba, mimi nasema saa moja. Mpaka leo nikiona namba tupu za simu lazima nipige hesabu, lakini kwenye mishale naona papo hapo. Alipokuwa anatawadha aliivua, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati. Akimaliza kuswali anaivaa taratibu, kama mtu anayeivaa kwa mara ya kwanza. Ile leso mpaka harufu yake naikumbuka.

Tulipomaliza arobaini, mama aliniita chumbani akanivalisha saa ile kwa mkono wake. Akasema, "Wewe ndiye mkubwa. Isikose mkono." Sikujua nijibu nini. Kesho yake nikaenda nayo kazini, na keshokutwa, na kila siku.

Mama, haikumaliza hata mwaka. Mwezi wa tatu nikiwa navuta kamba ya kuwashia mashine nikaigonga kwenye ukingo wa boti, kioo kikapasuka. Nikaziba kwa gundi. Halafu ikaanza kukimbia. Asubuhi naiweka sawa na redio, jioni imetangulia dakika nane, siku nyingine zaidi. Halafu pini ya mkanda ikachomoka, saa ikadondoka ndani ya boti, bahati tu haikwenda majini. Mwisho nikaona ukungu ndani ya kioo, na siku ya tatu ikasimama, saa tisa na dakika ishirini. Fundi saa mmoja wa mjini aliifungua mbele yangu, nikaona kutu ya rangi ya chai pembeni. Anataka shilingi 60,000 za kioo, mipira na kusafisha mashine. Siku ile sikuwa nazo. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini, na huu ni mwezi wa tano.

Mama yangu anakaa Muheza lakini kila mwisho wa mwezi anakuja kwetu, na kitu cha kwanza anachokitazama ni mkono wangu. Mara ya kwanza nilimwambia iko kwa fundi, anaisafisha. Mara ya pili nikasema fundi anasubiri kifaa. Sasa naona nimeanza kujificha. Mwezi uliopita nilivaa shati la mikono mirefu katika joto hili la Tanga.

Na kazini siwezi kukaa bila saa. Simu nimeshaua mbili majini. Boti zinafuata maji. Nahodha anakwambia mashine iwe tayari kabla hayajapwa, na yakipwa boti imekaa mchangani, yeye kapoteza siku na mimi nimepoteza mteja. Nataka saa moja tu ngumu, ya kuvaa na kusahau. Wenzangu wananitajia G-Shock. Sokoni nimeona moja kwa 35,000 na muuzaji anaapa ni orijino. Mdogo wangu yuko Maskati, anasema ya kweli ni zaidi ya laki na nusu na yuko tayari kunitumia na mtu anayekuja, ila kwa sharti kwamba nimpe saa ya baba aitunze yeye, maana mimi nimeshindwa. Neno hilo limeniuma. Mama watoto naye anasema nyumba imeishia kwenye lenta, bati bado, na mwenye akili hanunui saa ya laki na nusu wakati ziko za elfu kumi zinazoonyesha saa ileile. Siwezi kusema amekosea.

Ninunue saa gani isiyoharibika? Na nikionekana na saa nyingine mkononi, si nitakuwa nimemvua baba? Nisaidie.

Fundi Mashine, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole na msiba, maana naona miaka miwili haijaupunguza.

Barua yako imemkuta mwenyewe. Marehemu mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa fundi saa. Miaka ishirini na kitu alikaa kwenye kimeza chini ya baraza, Morogoro mjini, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na mimi kwa kumpelekea chai nikajifunza mambo ya saa kuliko nilivyotaka. Kwa hiyo leo utanivumilia nikichanganya ya moyoni na ya mezani kwake.

Nikikuelewa vizuri, mkono wako mmoja unavutwa na watu wanne. Mama anataka saa ya baba ionekane. Mdogo wako anataka ihamie kwake. Mama watoto anataka fedha ziende kwenye bati. Na kazi yako inataka kitu kitakachostahimili chumvi, petroli na vishindo. Halafu wewe unatafuta saa moja itakayowaridhisha wote wanne. Mimi sijui duka linalouza saa hiyo.

Lakini kuna jambo umeliandika ukalipita haraka, nami nimelirudia mara tatu. Baba yako aliivua saa ile kwa ajili ya maji ya kutawadha. Kata moja ya maji baridi, nayo hakuitaka iguse. Na kazi yake ilikuwa ya kalamu na daftari, mbali na bahari. Wewe unajihukumu kwamba baba aliitunza zaidi ya miaka thelathini na wewe umeiua ndani ya mwaka, kana kwamba mlikuwa na saa moja na maisha yaleyale. Hebu fikiria: yeye mwenyewe angeivaa Deep Sea? Na kumbuka mwaka 1983 ulikuwa mwaka gani hapa kwetu. Hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mtu aliyerudi na Seiko kutoka Mombasa mwaka ule hakurudi na spana. Alirudi na kitu cha kufungwa kwenye leso.

Mama alisema isikose mkono. Wewe ukasikia isikose kazini. Huenda ndivyo alivyokusudia, huenda sivyo. Mimi sikuwemo chumbani, lakini nawe hukumuuliza.

Sasa niingie kwenye saa yenyewe, kwa sababu nadhani ukijua kilichoiua utapunguza kujilaumu. Seiko 5 si saa ya maringo. Tangu ilipotoka mwaka 1963, zile tano za jina lake ni sifa tano zilizoahidiwa: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuhimili maji, ufunguo, kile kijitufe cha pembeni cha kuwekea majira, uliosogezwa mpaka usawa wa namba nne ili usidhuru mkono, na kasha na mkanda imara. Hukuwa mjinga kudhani itaweza. Ila maji yanazuiwa na vimpira vyembamba chini ya kioo, nyuma ya kasha na kwenye ufunguo, na kimpira cha mwaka 1983, kama hakijabadilishwa, kimekwishakauka kama ganda la ndizi. Kioo kilichozibwa kwa gundi ndiyo kabisa. Bahari haikuhitaji kubisha hodi.

Kuhusu ile kukimbia dakika nane kwa siku, mzee wangu angekuuliza swali moja: unafungua flaiwili za mashine, yale magurudumu mazito yanayozunguka? Najua unazifungua. Ndani yake mna sumaku kali za kutengenezea umeme wa plagi. Saa ya mishale ya aina hiyo ina utepe mwembamba kama unywele uliojiviringa, ndio unaohesabu mapigo. Ukishika sumaku, mizunguko yake inagandana, unakuwa mfupi, na saa inakimbia. Ni ugonjwa unaotibika. Fundi ana kidude cha kuondolea sumaku na kazi yake haifiki dakika moja. Ukitaka kuthibitisha, azima dira ya nahodha, isogeze saa karibu yake uone sindano inacheza au imetulia. Nayo pini iliyochomoka ni kijiti chenye springi cha bei ya andazi. Saa nyingi zinazopotea hupotea kwa kijiti hicho, mashine yake ikiwa nzima. Ndiyo maana wapo wanaotumia mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita chini ya saa na kushika pini zote mbili. Moja ikichomoka, saa inaning'inia kwenye nyingine. Jeshi la Uingereza liliuweka kwenye orodha ya vifaa vyake mwaka 1973, na sijui kwa nini haujawa mkanda wa kila fundi.

Tuje kwenye saa isiyoharibika. Kuna kisa ambacho nadhani hakijafika Deep Sea, nacho kinakuhusu kuliko unavyodhani. Mhandisi mmoja wa kampuni ya Casio huko Japani, Kikuo Ibe, alikuwa na saa aliyopewa zawadi na baba yake. Siku moja akagongana na mtu, saa ikaanguka ikavunjika. Akaomba kazini atengeneze saa isiyovunjika ikidondoka. Mwaka 1981 walianza, watu wachache tu, na jaribio lao lilikuwa kudondosha saa kutoka dirisha la choo la ghorofa ya tatu. Walivunja kama mia mbili hivi. Kila walipoimarisha kifaa kimoja, kingine kinapasuka. Jibu alilipata akiwa amekaa kwenye bustani akimtazama mtoto akidundisha mpira: katikati ya mpira hakuna kinachogongwa. Basi mashine ikawekwa ndani ya kasha ikishikiliwa kwenye sehemu chache tu, kama inaelea. Aprili 1983 ikatoka G-Shock ya kwanza, mwaka uleule baba yako alipokuwa Mombasa harusini. Shabaha yao waliitamka kwa kumi tatu: ihimili kudondoka mita 10, shinikizo la maji la baa 10, yaani kama la kina cha mita 100, na betri ya miaka 10.

Kwa hiyo saa unayotajiwa na wenzako ilizaliwa na mtu aliyevunja saa ya baba yake. Sikwambii hivyo ili ukainunue. Nakwambia kwa sababu ulidhani uko peke yako.

Uzuri wake kwa kazi kama yako ni wa kweli. Nyingi zimeandikwa mita 200. Hapo nikutahadharishe, maana maandishi ya mita yanadanganya watu wengi. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi uzame nayo mita 30. Maana yake ni matone, mvua, kunawa mikono. Mita 50 unaweza kuogelea kidogo. Anayetia mkono baharini kila siku kama wewe aanzie 100 kwenda juu, na hata hapo asibonyeze vitufe saa ikiwa majini, kwa sababu kitufe ni mlango. Jioni isuuze kwa maji ya bomba. Chumvi ikikaukia kwenye vitufe inakuwa msasa.

Ubaya wake pia upo. Mwili na mkanda wake ni plastiki ngumu, na plastiki hiyo haipendi petroli. Baada ya miaka inakauka na kukatika, tena mara nyingi pale kwenye tundu unalofungia. Akrabu haina, ile ya kawaida, kwa hiyo kila asubuhi utatoa sita kutoka kwenye saba upate saa moja yako. Usilicheke hilo. Umeniandikia mwenyewe kwamba namba tupu zinakupa hesabu. Zipo zenye mishale, lakini bei inapanda. Na ile ya 35,000 ya sokoni, mwanangu, muuzaji anaweza kuapa mpaka kesho. G-Shock ya kweli siijui kwa bei hiyo. Geuza saa, tazama bamba la nyuma utafute namba ndogo ndani ya kiboksi, ndiyo namba ya mashine. Kisha jaribu kila kinachoonekana mbele. Feki hupenda kuwa na visaa vidogo vilivyochorwa tu na skrubu zisizofungua kitu. Sisemi feki haionyeshi saa. Nasema hujui maji yataingia siku gani.

Ukiamua kwenda njia hiyo ya laki na nusu, au mdogo wako akienda kwa ajili yako, zipo zinazojichaji kwa mwanga wa jua. Kwa kazi ya majini naziona zina maana, kwa sababu saa nyingi hufa siku ya kubadilishwa betri. Fundi anaifungua barazani, anafunga bila kupaka mafuta kwenye mpira, na ile mita 200 imebaki maandishi. Ila wakikuongezea bei kwa sifa ya kujirekebisha kwa mawimbi ya redio, waulize mawimbi hayo yanatoka wapi. Minara yake iko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Tanga hayafiki. Ziko hata za kuonyesha maji kujaa na kupwa, lakini mtoto wa pwani anayejua bamvua kwa kutazama mwezi sijui atalipia nini.

Mama watoto naye asidharauliwe. Casio ndogo ile nyeusi, F-91W, imekuwepo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21, na betri yake inakaa kama miaka saba. Inakosea sekunde thelathini hivi kwa mwezi, jambo ambalo Seiko ya baba hata ikiwa nzima hailiwezi. Sehemu nyingi duniani hata ya kweli ni ya bei ndogo. Ikipotea baharini utasema "ah", utarudi kazini. Udhaifu wake ni maji. Haina hata namba ya mita, imeandikwa tu kwamba inahimili maji, na wapo wanaoogelea nayo miaka na wapo iliyowafia wiki ya kwanza. Ile ya elfu kumi ya sokoni inaweza kuwa ndugu yake wa kambo. Bonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu, ya kweli huandika jina la Casio kwenye kioo, ingawa siku hizi na baadhi ya feki zimejifunza. Yeye anasema zinaonyesha saa ileile, na hapo ana haki kabisa. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama ungemwambia nyumba ilipoteza fedha ngapi kwa simu mbili zilizokufa na wateja waliokasirika. Umewahi kupiga hesabu hiyo pamoja naye, au mlizungumza saa tu?

Na lipo ambalo hukuuliza. Je, lazima iwe mkononi? Mashine ikiwa wazi na flaiwili inazunguka, mkanda imara usiokatika ni hatari kuliko ule unaokatika, kwa kuwa kitakachokatika badala yake unakijua. Na mkanda wa chuma ukigusa betri ya boti, upande mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye spana au bodi, unakuwa mwekundu kabla hujapiga kelele. Nimeona kovu la mtu mmoja lililozunguka mkono kama bangili. Mafundi wengine huifunga saa kwenye kishikio cha boksi la vifaa. Saa ya namna hiyo haihitaji kuwa ngumu sana. Lakini wewe ukizama kichwa ndani ya mashine, utakumbuka kuitazama? Hilo unalijua wewe.

Mdogo wako. Neno "umeshindwa" ni kali na una haki ya kuumia. Hata hivyo yeye yuko Maskati, hakuwepo chumbani wakati mama anakuvalisha, na sijui kama alikuwepo mazikoni, hukusema. Mtu wa mbali akidai saa ya baba, mara nyingine anadai nafasi yake kwa baba. Ukimpa, huenda saa ikapona na kuvaliwa ofisini kwenye kiyoyozi, na wewe ukabaki na kidonda kila ukiona picha zake. Ukikataa, huenda akabaki na kidonda yeye. Lakini sharti lake limeunganisha mambo mawili yasiyohusiana, zawadi na urithi. Unaweza kumshukuru kwa moja na kumwomba mngoje lingine mpaka mkae na mama. Au unaweza kuikataa zawadi ili usiwe na deni, ukanunua ya kwako kwa kadiri ya mfuko. Kila njia ina ushuru wake.

Sasa mama. Barua yako ina mengi kuhusu kioo na pini, na kuhusu uongo ina sentensi tatu, lakini shati la mikono mirefu limenieleza yote. Unaogopa akijua saa imesimama ataona baba kafa mara ya pili. Inawezekana. Wajane tuna siku zetu. Mimi kimeza cha mzee wangu kilipoliwa na mchwa nililia kuliko nilivyolia msibani. Lakini nikuulize, akija kila mwisho wa mwezi akatazama mkono mtupu na kusikia habari ya fundi asiyemaliza, unadhani anaamini? Mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo na karani wa mahudhurio anajua mtoro anavyojieleza. Huenda anachokitazama sasa si saa tena.

Unaweza kumwambia kabla haijatengenezwa, ukamkabidhi ukweli ukiwa na kutu yake, na ukubali machozi. Unaweza kuitengeneza kwanza ndipo umweleze ikiwa inatembea, na hapo utakuwa umelinda moyo wake, lakini umeongeza mwezi mmoja au miwili ya kudanganya. Unaweza pia kumwomba aende nawe kwa fundi. Sijui mama yako ni wa namna gani. Wapo ambao kushikishwa jambo kunawaponya, wapo ambao kuona mashine wazi kutawaumiza bure.

Ikipona, hutalazimika kuirudisha Deep Sea. Ijumaa ipo, Idi ipo, harusi zipo, na ipo siku ya mwisho wa mwezi anapokuja mgeni wako. Ujue tu kwamba saa hiyo isipovaliwa husimama yenyewe baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo kila Ijumaa utaiweka upya majira na tarehe. Wengine huona ni usumbufu. Mzee wangu alisema wateja wake wa namna hiyo ndio waliokuwa wakisimama barazani kumweleza habari za baba zao.

Jambo moja tu halingojei uamuzi wako, nalo ni chumvi. Saa iliyoingia maji ya bahari ikikaa kabatini haipumziki, inaliwa. Kutu ya pembeni uliyoiona imekuwa na miezi mitano ya kusogea ndani. Ongea na fundi yule hata kwa kulipa kidogo kidogo, kwanza aifungue aikaushe na kuisafisha, kioo kisubiri. Mwambie na habari ya sumaku, na kabla ya kulipa lolote akuonyeshe kilichobaki humo ndani. Mashine za Seiko 5 zilitengenezwa kwa wingi mno, vipuri si vya kutafuta na tochi, lakini bei inaweza kupanda akikuta kutu imefika kwenye magurudumu. Akikwambia hivyo, niandikie tena.

Na unapoitoa kabatini, umesema uliifunga kwenye kitambaa. Ile leso ya baba iko kwa nani?